Mkono wa fedha ulioletwa kwangu niuyeyushe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji. Najua mnapenda barua fupi, na hii haitakuwa fupi. Mkilazimika kuikata, nawaomba msikate sehemu ya mwisho.

Wiki tatu zilizopita mlichapa barua ya mzazi aliyeishukuru shule anakosoma mwanawe kwa kupekua mabweni na kuwanyang'anya wasichana "mapambo ya kishetani". Alitaja vikuku, akataja pete za fuvu, kisha akataja "mkono wa Frimasoni wenye macho". Pete za fuvu sina la kuzisemea. Mkono huo naujua. Niliwahi kuulehemu mwenyewe, na mwezi wa pili mwaka huu uliletwa mezani kwangu ili niuyeyushe.

Mimi ni sonara. Kibanda changu kiko Kisenyi, hapa Kampala, kati ya muuza viatu vya mtumba na kinyozi wa Kisomali. Ni Mnubi wa Bombo, mzaliwa wa 1964. Amin alipoanguka mwaka 1979 familia yetu ilitawanyika, nami nikaangukia Mombasa kwa shangazi. Huko Mji wa Kale mzee mmoja akanitia kazini nimpulizie mivuo. Nilikaa naye miaka kumi na mmoja, ndipo nikarudi Uganda na Kiswahili hiki ambacho wateja wangu Waganda hunicheka nacho, wakisema ni cha askari wa vizuizi vya barabarani. Nawaacha wacheke. Kazi ya fedha nilifundishwa kwa Kiswahili, na hadi leo sijui kuifikiria kwa lugha nyingine.

Mkono ule ni kipande cha mkufu, na mwenye mkufu ni mama mmoja wa Kihabeshi, yaani Mwethiopia, anayekaa Kabalagala, hapa hapa Kampala. Anayepafahamu pale anajua Wahabeshi walivyo wengi: injera, ule mkate wao, haiko mbali popote utakaposimama, na buni hukaangwa mbele ya macho yako kabla hujanywa kahawa. Mama huyu alizaliwa Dessie, upande wa Wollo, akaihama nchi yao zama za Derg, utawala wa kijeshi uliompindua Haile Selassie, akakaa Nairobi, Islii, miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili, yeye cha Islii, mimi cha Mji wa Kale, na kila mmoja anaona cha mwenzake kimepinda. Mimi humwita Mama, yeye huniita Fundi.

Alinijia mara ya kwanza mwaka 2017, mkononi ana kitambaa kilichopigwa fundo. Alipolifungua yakamwagika mapande ya fedha kama ishirini hivi, maana uzi wa pamba uliokuwa ukiyashika ulikuwa umeoza. Palikuwa na shanga za fedha zilizofuliwa mbili mbili na kuunganishwa tumboni. Palikuwa na kijiko kidogo mno, mpini umesokotwa, kichwa chake hakizidi punje ya mtama. Nikauliza cha nini. Akacheka, akakielekeza sikioni. Ni cha kutolea nta. Huko kwao watu wamevaa vijiko hivyo shingoni tangu zamani, Waislamu kwa Wakristo, na vingine ni kazi ya hali ya juu kabisa. Palikuwa na kijisanduku kilichozibwa pande zote, kirefu kama kiungo cha kidole, ukikitikisa kuna kitu kinalia ndani. Hajui ni nini. Mama yake pia hakujua, na hataki kifunguliwe.

Na katikati palikuwa na mkono.

Mzazi yule akisema mkono, msomaji atafikiria vidole vyenye kucha. Huu hauko hivyo. Ni bamba bapa, upana wa vidole vyangu viwili. Juu lina kitanzi cha kupitishia uzi, chini limechongwa meno matano. La kati ni refu kuliko mengine, na mawili ya pembeni yamepinda kwenda nje sawasawa, kana kwamba mkono una vidole gumba viwili. Usoni pamegongwa viduara, kila kimoja kina nukta katikati. Hayo ndiyo "macho". Nyuma ni patupu, pamesuguliwa na vifua vya wanawake hadi pamekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mzani ulisoma gramu kumi na moja. Kitanzi kilikuwa kimekatika, na hicho ndicho kilichomleta.

Nilipokigeuza nikaona kijivu kwenye shina la kitanzi. Kuna fundi aliyekirekebisha zamani kwa risasi, yale madini laini ya kijivu. Msomaji asiye wa kazi hii hatajua hatari yake: ukipasha moto fedha yenye risasi, risasi inaila, na kipande kinatoboka mbele ya macho yako kama nguo iliyoangukiwa na kaa. Basi nilikaa asubuhi nzima nikikwangua kijivu kile kwa ncha ya kisu kabla sijathubutu kuwasha moto. Kisha nikasokota nyaya mbili za fedha pamoja, kwani ndivyo mzee wangu alivyonifundisha kutengeneza kitanzi kisichokatika. Nikapaka tinkali, dawa ya kuifanya lehemu ishike, nikaweka lehemu, nikapuliza. Kilipopoa kilikuwa cheusi tititi. Nikakichemsha kwenye maji ya ukwaju, kikarudi cheupe. Zishikeni nyaya hizo mbili zilizosokotwa, nitazirudia.

Mama alikuwa amekaa muda wote huo kwenye kigoda, ananichunga. Kila kipande chenye kazi ya kulinda yeye hukiita telsem. Neno hilo lilinishitua, kwa sababu mzee wa Mombasa alikuwa akisema talasimu. Nikamuuliza kinyozi wangu, kwao kitu kama kile kijisanduku wanakiitaje, akasema xirsi, ile x ya Kisomali inayotokea kooni. Sisi ni hirizi. Waganda ni yirizi. Nilicheka peke yangu. Maneno haya, telsem na hirizi, yamepitia Uarabuni, yakavuka bahari hadi Uhabeshi na Usomalini, yakashuka pwani hadi Lamu na Mombasa, hirizi ikapanda na misafara hadi Buganda, na sasa yamekutana yote kwenye meza moja Kisenyi, mbele ya kinyozi.

Fedha yenyewe ilitoka wapi? Bibi yake yule mama alipeleka sarafu kwa sonara, zikayeyushwa. Ndivyo ilivyokuwa huko kwao. Sarafu yenyewe ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham. Gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 sehemu 833 ni fedha, iliyobaki karibu yote ni shaba. Karibu zote zimeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, hata zile zilizochapwa miaka mia moja na hamsini baadaye, kwa sababu wapokeaji wa upande huu wa dunia walikataa sura nyingine. Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi mwaka 1935 alijipatia haki ya kuzichapa Rome, maana alijua sokoni kule askari wake wangehitaji uso wa mama huyo. Ni mwaka 1945 tu ndipo serikali ya Uhabeshi ilipoleta pesa mpya na kuiondoa. Pesa yao ya leo ni birr, na birr kwanza ni jina la madini haya haya, kama sisi tunavyosema fedha tukikusudia madini, na Wizara ya Fedha tukikusudia pesa. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa na mkufu alikuwa amevaa akiba yake. Mwaka wa njaa unakata kipande, unauza.

Nilimuuliza mkono ni wa nini. Hakunieleza kwa maneno. Aliinua kiganja chake mbele ya uso wangu, vidole vimetanuka, kama trafiki wa pale Kibuye.

"Simama," akasema. "Ni kwa buda. Jicho linakuja, mkono unaliambia simama."

Buda kwa Kiamhara ni mtu mwenye jicho baya, akimwangalia mtoto anayenyonya au mtu anayekula, yule huanza kukonda. Wanasema usiku hugeuka fisi. Na hapa, Mhariri, ndipo hadithi inaponichoma mimi. Ni nani walioshukiwa kuwa buda? Wahunzi. Wafinyanzi. Wachuna ngozi. Watu wa kazi za mikono. Mayahudi wa Uhabeshi, Beta Israel, ambao wengi wao walifua chuma na kufinyanga vyungu, walisingiziwa hayo kizazi baada ya kizazi, hadi wengi wao walipoondoka kwenda Israeli. Mwezi Mei 1991 peke yake, kwa muda usiozidi siku mbili, ndege zilichukua zaidi ya 14,000. Yaani mtu anayehofu jicho anakwenda kutafuta kinga ya chuma au fedha kwa kabila la mafundi ambao jirani zake wanawahofia kwa jicho hilo hilo. Anamlipa, anaondoka haraka, hataki atazamwe akila. Nimekaa na fikra hiyo mara nyingi nikiwa peke yangu na tupa yangu. Kuna wateja hapa Kisenyi ambao, nikiwakaribisha chai, wanaona afadhali wasubiri nje.

Kuhusu mkono wenyewe, Uhabeshi ni kituo kimoja tu katika safari yake. Morocco, Algeria na Tunisia wanauita khamsa, yaani tano. Tano hiyo sisi tunayo kila wiki: Alhamisi. Tunayo kwenye hamsini, na wazee walikuwa nayo waliposema hamsa wa ishirini. Mwarabu wa Maghribi akihisi anatupiwa jicho husema "khamsa fi aynek", tano jichoni mwako, na anatanua vidole. Waislamu wengi wanauita mkono wa Fatuma, binti Mtume. Mayahudi wanauita mkono wa Miriam, dada yake Musa. Mashia wanabeba mkono wa shaba juu ya mlingoti mwezi wa Muharram, na kwao vidole ni Mtume, Ali, Fatuma, Hasan na Husein. Kwenye lango la ngome ya Alhambra kule Granada umechongwa mkono tangu mwaka 1348. Algeria wameuweka kwenye nembo ya taifa, na sijasikia balozi wao akifukuzwa popote kwa ajili hiyo.

Hapo Granada pana jambo jingine la kumfikirisha mzazi wetu. Wafalme Wakristo walipokwisha kuuteka mji ule, mwaka 1526 mkutano wa maaskofu ulipiga marufuku mikono hiyo kuvaliwa. Walijua ni ya nani, wakaikataza kwa sababu hiyo. Sisi karne tano baadaye tunaikataza na hata hatujui ni ya nani.

Huko Uhabeshi mkono uliingia kwa milango ya bahari. Bandari ya Massawa ilikuwa mikononi mwa Waturuki tangu 1557, bandari ya Zeila ilikuwa ikipitisha biashara ya Harar, na Harar yenyewe ni mji wa Kiislamu wenye ukuta na milango mitano ya kale. Masonara wa Kiyemeni walivuka, Waarmenia walifika hadi ikulu ya Mfalme Menelik. Wollo alikotoka mama huyu, Waislamu na Wakristo wanaoana, na ndiyo maana katika mkufu wa Kihabeshi huwezi kutabiri utakuta nini. Nyota ya Suleiman inavaliwa na wote watatu, Muislamu, Mkristo na Myahudi, na kila mmoja anasema ni yake. Wakristo wa kule wana ulinzi wao pia: mtoto akibatizwa anafungwa uzi shingoni, mateb, msalaba unaning'inia hapo, na wapo wanaobeba ngozi iliyoandikwa dua na kuchorwa macho makubwa makubwa, imeviringwa ndani ya kifuko. Macho ya kulitazama jicho. Sasa mnaelewa viduara vyenye nukta.

Niseme na hili kabla sijarushiwa mawe na watu wa msikiti wangu. Hirizi mimi sivai. Imamu wetu anatusomea hadithi ya Mtume kwamba mwenye kutundika hirizi amefanya shirki, na sina ubishi naye. Mama yule naye anasali sala tano. Nilipomuuliza kama anaamini mkono ule unazuia jicho alinitazama kama mtoto aliyeuliza ujinga. "Fundi," akasema, "ni ya mama yangu." Mke wangu ana kanga imeandikwa "Hasidi hana sababu", anaivaa akienda harusini, na hakuna aliyewahi kuipeleka kwa mchungaji ikaombewe. Jicho ni lile lile, wengine wamelijibu kwa fedha, sisi kwa kitambaa.

Sasa mwezi wa pili. Kijana mmoja nadhifu aliingia dukani na kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, akaimwaga juu ya meza. Alitaka laki na nusu. Alisema ni fedha ya zamani, ni ya kuyeyusha, kitu cha haraka haraka. Niliona nyaya mbili zilizosokotwa kabla hata sijauona mkono. Fundi anaijua kazi yake kama mama anavyojua kovu la mwanawe. Nikamuuliza ametoa wapi. Shuleni, akasema, wamenituma. Nani amekutuma? Akataja cheo, hakutaja jina. Sikugombana naye. Nilifungua droo nikampa alichotaka, bila kupunguza hata shilingi, kwa sababu niliogopa nikibishana atavuka barabara, na ng'ambo ya barabara kuna mtu ambaye haulizi, anawasha moto tu.

Mjukuu wa yule mama anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni, na bibi yake alikuwa amemvalisha mkufu siku ya kwanza ya muhula. Niliongozana na bibi kwenda huko. Shule siitaji, na wakubwa wake siwataji, maana sikuja hapa kumchafua mtu. Mkubwa aliyetupokea alikuwa mpole. Alisema sheria inakataza mapambo. Nikamwambia sheria hiyo naiunga mkono, hata mimi ningeikataza dhahabu bwenini, watoto wanaibiana. Lakini fungieni kabatini, muandike kwenye daftari, mumrudishie mzazi siku ya kufunga shule. Akasema vile havikuwa mapambo, ni alama. Alama ya nini? Hapo akaanza kuzungukazunguka. Kijiko cha masikioni, akatuambia, alikitupa yeye mwenyewe, kwa sababu alijua vijana hutumia vijiko kama vile kunusia dawa za kulevya. Mama aliponitazama nimtafsirie nilishindwa. Nilimwonyesha tu sikio langu, akaelewa, akajifunika mdomo kwa shela. Hadi leo sijui alikuwa akicheka au akilia.

Mkononi mwa bwana yule palikuwa na kikuku cha rozari, mfano wa vile vinavyouzwa Namugongo kila tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi. Nilikiona, naye aliona kwamba nimekiona. Hatukusema kitu.

Nimetoka nje ya mstari kidogo. Kuna mzee wa rika langu, mteja, aliyeukuta mkono ule umelala mezani nilipokuwa nikiupanga upya. Akauinua, akautazama, akanikonyeza. "Kumbe wewe ni UPC," akasema. Kwa Mganda wa umri wetu kiganja kilichotanuliwa ni chama cha Obote, na hakuna zaidi. Kila mtu anasoma alama kwa kitabu alichosomea.

Nami sina usafi wa kumrushia mwalimu jiwe. Mwaka 1998 Mhabeshi mmoja, kijana aliyekuwa na haraka ya nauli, aliniletea mkufu wenye bamba la meno matano. Nilidhani ni kitana kilichovunjika. Sikumuuliza kitu. Niliutia kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na vikuku viwili na kijiko cha chai cha fedha, nikatoa pete nne za harusi, na kazi ilikuwa nzuri, maharusi walifurahi. Ziko vidoleni mwa watu mahali fulani Uganda hii, labda moja iko kwa msomaji wa gazeti hili. Ilinichukua miaka kumi na tisa na mama mmoja kwenye kigoda kujua nilichokifanya. Vitu vya namna ile vinapungua kila siku, na vinavyouzwa siku hizi kwa watalii vingi ni vipya vya nikeli, kingo kali, nyuma pana mikwaruzo ya mashine mahali pa ule ulaini wa kifua. Kitu cha zamani kikishayeyushwa hakuna fundi wa kukirudisha, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Kinachobaki ni gramu.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mkipata kitu msichokijua, kabla ya kukiombea, kukitupa wala kukituma Kisenyi, muulizeni mtoto ni cha nani. Atasema "cha bibi" au atasema "nimenunua soko la Owino". Majibu hayo mawili yanatosha kujua cha kufanya. Wasomaji wenye vitu kama hivyo majumbani, leteni niwatazamie. Sitoi bei ya kutazama. Nina jiwe la kupimia, nina miwani, na nina kigoda.

Na ninyi Mhariri, mzazi yule mlimpa ukurasa na picha mkamwekea, mkono wa kuchora wenye jicho la bluu ambao si wa Uhabeshi hata kidogo. Nimewaambatanishia picha ya mkono wenyewe, mbele na nyuma, uko juu ya kitambaa cheupe pamoja na kiberiti ili msomaji ajue ukubwa wake. Naomba muichapishe hiyo.

Sasa ile sehemu niliyowasihi msiikate. Mkufu nimeutunga upya kwa uzi wa pamba mweusi na nimeurudisha Kabalagala. Laki na nusu yangu mama alitaka kunilipa, tukavutana, mwisho akanilipa kwa kahawa, na bado ananilipa. Lakini vitu viwili havikurudi. Kijiko nimekwisha kukitengeneza kingine, si sawa na kile, lakini kinatoa nta. Cha pili ni kile kijisanduku. Shuleni wanasema alikichukua mtu aliyealikwa kuombea mabweni, na mtu huyo anasema alimpa mtu mwingine. Ni cha fedha iliyofifia, kirefu kama kiungo cha kidole cha kati, kina vitanzi viwili juu na kimoja chini kilichokatika, pembeni pana mstari wa nukta ndogo ndogo, nilizihesabu zamani nikapata kumi na saba upande mmoja na kumi na nane upande wa pili, maana fundi alikosea. Ukikitikisa kinalia. Yeyote aliyeuziwa, aliyekiokota au aliyekificha, akilete kibandani kwangu au akiache kwa kinyozi. Nitamlipa uzito wake mara mbili na sitamuuliza jina. Sharti ni moja, asikifungue.

Wenu,
Sonara wa Kisenyi,
Kampala